Vichwa Vitano vya Mzee Ndunguru

Kuna vijana wa bodaboda hapa Songea mpaka leo wakiniona wananipigia honi ndefu huku wanacheka, na mimi nageuza uso kama naangalia bei ya nyanya, kwa sababu ninajua kabisa wanachocheka, na sina la kujitetea. Nilijiaibisha mchana kweupe, mbele ya wakwe zangu watarajiwa, mbele ya kaka yangu na mbele ya mtoto wangu wa kumzaa. Kuliko msikie kwa watu wengine wanaoongeza chumvi (eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu), acheni niwasimulie mwenyewe.

Mimi nina mgahawa mdogo pale Bombambili, chai, chapati, mihogo, mchana wali na ugali. Baba yake binti yangu Imelda alifariki mtoto akiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo macho ya baba na macho ya mama katika nyumba yetu ni haya haya mawili yangu, na labda ndiyo maana yalizoea kutazama kupita kiasi. Mteja akichelewa kulipa najiuliza anahama lini. Muuza mkaa akinisalimia kwa furaha naenda kuukagua mkaa kama haujamwagiwa maji. Ndivyo nilivyo. Sasa mtu wa namna hiyo akiletewa habari kwamba binti yake pekee amepata mchumba, mnategemea atalala?

Mchumba mwenyewe, Deus, ni mwalimu, kijana mpole, maneno yake machache mno, na hayo machache ndiyo yaliyoniponza. Siku ya kwanza alipokuja nyumbani nilimuuliza, "Mwanangu, baba yako anafanya kazi gani?" Akajibu, "Amestaafu, mama. Alikuwa anavuta mizigo." Nikauliza mizigo gani. Akasema, "Ya kila aina. Mpaka mpakani huko." Kisha akanywa chai yake. Haya, na nyie niambieni, mzee anayevuta mizigo ya kila aina mpaka mpakani, halafu anastaafu na kuja kujenga Matogoro, mbali na ndugu zake, chini ya mlima wenye msitu, anakimbia nini? Imelda aliniambia, "Mama, usianze." Nikamwambia sijaanza. Nilikuwa nimeshaanza.

Katika wateja wangu kuna Yasinta, muuza dagaa wa Nyasa, anaishi Matogoro. Nikamuuliza kwa mzunguko, kama mtu asiye na haja, kama anamfahamu mzee mmoja Ndunguru aliyehamia huko. Yasinta akaweka kikombe chini. Akasema mzee ni mstaarabu, anasali, anasalimia watu, ila ana banda nyuma ya nyumba na lile banda halikosi kufuli. Anaingia humo peke yake. Ananunua oili chafu gereji, ananunua matambaa. "Na siku nyingine," Yasinta akasema, "mle bandani kinatoka kitu kama mlio. Sio mlio hasa. Kama mnyama mkubwa anayesafisha koo. Kinakohoa mara moja, kinanyamaza. Mbwa wetu wote wanaingia uvunguni."

Chapati yangu iliungua siku hiyo.

Basi ikaja siku ya posa. Wakaja kwetu, mzee Ndunguru mwenyewe, mrefu, mikono mikubwa yenye makovu ya moto, mkewe Mama Deus, mama mmoja mkimya anayetabasamu tu bila kusema, na mdogo wake mzee, Mzee Kastori, mkali, ndiye msemaji wao. Mambo yakaenda vizuri. Katikati ya chakula simu ya mzee ikaita, akaomba radhi, akatoka nje akasimama nyuma ya jiko. Na mimi, kwa bahati tu (haikuwa bahati, nilibeba sufuria tupu nikatoka), nikawa ndani ya jiko, ukuta wa matofali katikati yetu, dirisha wazi. Nikamsikia kwa masikio yangu akisema hivi:

"Vichwa vya aina ile vilikuwa vichache, unajua mwenyewe. Wamevikata vyote. Hapana, hakuna kilichobaki, nilikuwepo siku wanakata kile cha mwisho, nililia kama mtoto. Nikawaomba wanipe sauti yake. Ndiyo. Ninayo hapa nyumbani, nimeifungia bandani, na ninakuambia bado iko hai."

Sufuria likanitoka mkononi. Mzee akachungulia dirishani akasema, "Pole, mama." Nikasema asante.

Mnicheke, lakini kwanza jiwekeni mahali pangu. Mtu anazungumzia vichwa vilivyokatwa na sauti iliyofungiwa bandani, na ile sauti bado iko hai, na mwanangu anakwenda kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Usiku ule ule nikampigia mdogo wangu Skola, yuko Namtumbo, analima tumbaku na mahindi, na katika ukoo wetu yeye ndiye anayenizidi kwa wasiwasi. Skola alinirudisha nyuma mara mbili niyaseme tena maneno ya mzee. Kisha akasema, "Dada, usimwambie mtu. Si mtakwenda kwao kuangalia mji? Siku hiyo ingia mle bandani uone kwa macho yako. Ukishaona nitumie sauti hapo hapo, ili hata likikupata la kukupata, mimi nijue." Nikaona ni ushauri wa mtu mwenye akili.

Siku ya kwenda kwao ilikuwa Jumamosi, baridi ile ya Songea ya kukunja mabega, jua jeupe lisilochoma. Nilivaa kitenge changu cha rangi ya maziwa, kipya, na kilemba chake. Kaka yangu Bonifasi alivaa koti la suti, ndiye msemaji wetu, alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba kwenye gari njia nzima. Tukapokelewa vizuri. Tukakaa barazani. Nyumba safi, maua kwenye makopo, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Lakini mimi usafi ule nao niliutilia shaka, nikawaza, nyumba safi hivi, wanasafisha nini?

Na lile banda nililiona. Mabati matupu, upande wa kushoto, nyuma ya migomba. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye komeo, wazi.

Nikangoja. Kaka Bonifasi aliposimama kuanza kuzungumza, macho ya wote yakiwa kwake, nikainama kwa Mama Deus nikamnong'oneza kwamba naomba kujua choo kiko wapi. Akanionyesha kwa kidole, kulia, kupita jiko. Nikamshukuru, nikanyanyuka taratibu kwa heshima zote, nikafika kwenye kona ya nyumba, na nilipohakikisha hawanioni tena nikakata kushoto.

Hapo ndipo ningeweza kurudi, ndugu zangu. Migomba ile ilikuwa michache tu. Ningeweza kugeuka nikaenda chooni kama mtu mzima, nikanawa, nikarudi kusikiliza hotuba. Badala yake nikaondoa kufuli, nikaingia, nikausindika mlango nyuma yangu.

Giza kidogo. Harufu ya oili na chuma. Matambaa yamekunjwa vizuri juu ya benchi (yana nini yale matambaa, nikawaza). Pembeni mtungi mkubwa wa chuma, kama ule wa upepo wa breki za lori, na bomba limetoka kwake kwenda juu ya meza, na juu ya meza kuna kitu kimefunikwa turubai. Nikasogea. Nikaweka mkono juu ya turubai, taratibu, nikapapasa. Nikagusa cha kwanza, mviringo. Nikagusa cha pili. Vilikuwa vitano, vimepangwa safu, vingine vikubwa vingine vidogo, kama familia, na vya baridi.

Nikatoa simu. Bila kulisoma, nikabonyeza jina lililokuwa juu kabisa kwenye ujumbe, maana Skola nilikuwa nimetoka kuongea naye asubuhi, nikashikilia kile kialama cha maikrofoni, nikaanza kunong'ona. Maneno yenyewe nayajua kwa moyo kwa sababu nimerudiwa nayo na watu wengi: "Skola, niko ndani. Vichwa vipo. Nimevipapasa, ni vitano, baridi kama barafu. Vipo hapa hapa, na hawa watu wamekaa barazani wanatuchekea. Yule mama nilikuambia, sura yake sikuipenda tangu siku ya kwanza, mtu gani anatabasamu tu hasemi. Nafunua sasa. Nisipotoka mwambie padri—"

Nikavuta turubai.

Sasa, mimi sikujua kwamba kuna kamba. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mpini wa koki, ikapita chini ya turubai, na nilipovuta turubai nikavuta kamba, na koki ikafunguka yote.

Nitawaelezaje ule mlio. Haukuwa mlio mmoja, zilikuwa sauti nyingi kwa pamoja, ya chini kabisa niliisikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni, halafu za juu yake zikaingia, kama kwaya nzima imeanza wimbo bila kuhesabiwa. Mabati ya banda yakaanza kucheza. Kilemba kiliondoka, sijui kilikwendaje. Nikarudi nyuma, kamba ikanizunguka mkono, na kadiri nilivyojivuta kukimbia ndivyo nilivyozidi kuivuta koki. Nikapiga ndoo ya oili chafu kwa kisigino, nikakaa ndani yake. Huko ndiko kule kukaa chini nilikowatajia mwanzoni. Na ule mlio unaendelea, unakwenda kugonga mlima wa Matogoro unarudi, kwa hiyo tukawa na mlio wa kwenda na mlio wa kurudi.

Huko barazani, naambiwa, Kaka Bonifasi alikuwa amefika mahali pa kusema, "Sisi ni familia ya watu watulivu." Alijitupa chini ya meza na suti yake. Mbuzi wa jirani wakakata kamba wakapita katikati ya masufuria. Watu wa jirani wakatoka na majembe, bodaboda wakaja mbio wakidhani lori la makaa ya mawe limekosa breki linashuka mlima, mwanamke mmoja alikuwa anapiga magoti barabarani.

Mlango ukafunguliwa, mzee Ndunguru akaingia kwa hatua ndefu, akainama juu yangu, akaitoa kamba mkononi mwangu kwa upole kama anavyotolewa mtoto mwiba, akafunga koki. Nyuma yake mlangoni wamejaa watu, wakwe, majirani, bodaboda, Imelda yuko mbele. Na mimi nimekaa kwenye oili, kitenge cha rangi ya maziwa sasa cheusi mpaka kiunoni, kichwa wazi.

Nikasema, "Nilikuwa natafuta choo."

Mama Deus, kwa sauti ndogo, ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akisema sentensi nzima, akasema, "Choo kiko kule, mama," na akanionyesha tena kwa kidole.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Lakini simu zikaanza kulia. Moja, nyingine, ya Imelda, ya Deus, ya Mzee Kastori. Nilikuwa nimeshtuka nikaachia kidole, na ujumbe ukaenda, na haukwenda kwa Skola. Asubuhi ile Imelda alikuwa ameandika kwenye kundi la kamati ya harusi kuuliza kama wote wamefika, kwa hiyo kundi ndilo lililokuwa limepanda juu. Ndugu wa pande zote mbili wapo mle, na wanakwaya, na walimu wenzake Deus. Mzee Kastori, ambaye masikio yake si mazuri, aliufungua kwa sauti kubwa pale pale mlangoni. Tukasikiliza wote. Vichwa vipo. Baridi kama barafu. Sura yake sikuipenda. Mwambie padri. Halafu ule mlio tena, mdogo, ndani ya simu.

Sikumwangalia Mama Deus. Nilimwangalia Imelda, na yeye alikuwa anaangalia chini.

Mzee Ndunguru alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika kofia, machozi yanamtoka waziwazi. Nikajua nimemtukana mpaka analia. Akajifuta, akasema taratibu, "Mama Imelda, vile vichwa ulivyonisikia nikivitaja ni vya treni. Mimi nilikuwa dereva wa treni. Ile injini inayovuta mabehewa tunaiita kichwa." Akaondoa turubai lililobaki. Chini yake ilikuwa honi, ile sauti yenyewe. Midomo mitano ya shaba, kama ya tarumbeta, imesuguliwa mpaka inang'aa, mwenye kuinama angeweza kujitazama. Nilijua neno hilo. Kila mtu analijua, kichwa cha treni. Lakini hapa kwetu reli haipo, treni nimepanda mara moja tu katika maisha yangu, na nilipolisikia neno nyuma ya jiko halikunijia kwa upande huo.

Mzee Kastori hakulia wala hakueleza. Akasema, "Mtu anayedhani sisi ni wachinja watu atatupaje mtoto wake? Na sisi tutamchukuaje?" Akasema ukoo unahitaji kukaa kufikiri. Kaka Bonifasi akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Pilau tuliila kimya, mimi nimefungwa kanga ya Mama Deus kiunoni, nimewekewa gazeti la kukalia. Njiani kurudi Imelda alikaa mbele na dereva. Tulipofika alisema neno moja tu, "Umefurahi?" akaingia chumbani.

Zikapita siku hazina simu wala salamu. Deus hakuja. Mimi niliondolewa kwenye kundi. Mgahawani watu waliagiza chai huku wanaminya midomo, na Skola (Skola huyu huyu) akaniambia eti yeye alinishauri niangalie, hakusema nishike vitu. Nikaona nikisubiri ukoo ufikiri, watafikiri nilivyowazoesha, vibaya. Nikaifua ile kanga, nikapanda bodaboda peke yangu mpaka Matogoro, nikapiga hodi mlango wa mbele.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Sikuja kuzungumza posa. Nimekuja kuomba radhi, kwako na kwa mama."

Akaniitikia, akanikaribisha ndani, na cha ajabu akaniuliza, "Unataka kuiona vizuri?" Tukaenda bandani wote watatu, na Mama Deus akabeba kigoda changu. Pale mzee akanieleza. Vile vichwa vya dizeli vililetwa vichache tu, vya kuvuta mizigo, na katika milima ya kati ya Makambako na Mlimba, pale ambapo vingine vinahema, vyenyewe vilipanda na mabehewa yote. Madereva waliviita mafahali. Honi yao haikufanana na nyingine yoyote kwenye reli, nyingine zilikuwa na midomo miwili au mitatu, yao mitano. Vipuri vikaanza kukosekana, kikisimama kimoja kinanyofolewa vipuri kumponya mwenzake, mpaka vikaisha vyote, vikakatwa, vikauzwa chuma chakavu. Yeye akaomba honi ya kile alichokiendesha. Ameitengeneza kidogo kidogo, anaijaribu kwa upepo mdogo (ndicho kile kikohozi cha Yasinta), lakini kuifungulia yote hakuthubutu.

"Siku ile nilijaza mtungi tangu asubuhi," akasema. "Nikasimama na kamba mkononi, nikakosa moyo. Nikawaza, kama isipolia kama zamani, nitakuwa nimeipoteza mara ya pili. Nikaacha, nikaja kuwapokea wageni." Akatazama mikono yake. "Imelia kama zamani, mama. Ndiyo maana ulinikuta katika hali ile."

Nikamgeukia Mama Deus, maana deni langu kubwa lilikuwa kwake, nikamwambia yale niliyosema juu ya sura yake niliyasema kwa ujinga. Akatabasamu vile vile. Akasema, "Mimi nilipoisikia sikushtuka. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga, na huyu akikaribia stesheni alipiga ndefu, kunitaarifu. Siku ile nikanyanyuka kitini nikaenda jikoni, nikateka maji ya ugali, nikabandika. Nikasimama pale nayaangalia, mpaka mbuzi waliponipita ndipo nikakumbuka kwamba yuko nyumbani, alishaacha kazi, na tuko Songea."

Tulikaa mle bandani mpaka chai ikapoa. Nililia kidogo, na hapo hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Mzee Kastori alitutoza faini, mbuzi jike na kitenge cha mama, tukapeleka bila kubishana. Imelda na Deus walifunga ndoa baada ya mavuno. Mwanangu alirudi kuzungumza na mimi, kwanza mambo ya chumvi na mkaa, baadaye mengine, ingawa Mzee Kastori mpaka leo nikiingia nyumbani kwake anamwambia mkewe anisindikize kila ninapokwenda, na sikasiriki, haki yake.

Nami nimejiapia kwamba sitapeleleza nyumba ya mtu tena maadamu niko hai. Juzi hapa jirani amehamia mwanaume mmoja peke yake, ameteremsha maboksi mengi yaliyofungwa kwa mikanda, na mapazia akayashusha kabla hata ya kutandika kitanda. Nilikuwa dirishani, nikayahesabu yote, kisha nikaona aibu. Nikafunika sahani ya mihogo, nikavuka uwanja, nikabisha hodi. Akafungua, akapokea, akashukuru, tukaongea habari za mvua. Sikumuuliza kuna nini kwenye maboksi. (Yananuka kidogo, lakini sikumuuliza.)